Maji ya choo ndani ya matuta ya lenga-lenga: nani alipe?

Kanivo, yaani mfereji wa maji ya mvua, linalotiririka mwezi wa Julai mjini Lubumbashi, huku Katanga, Kongo, lina maelezo ya kutoa. Toka Mei hadi Septemba huku kwetu hatuoni mvua. Vumbi jekundu linakaa juu ya majani ya maembe na mifereji yote inakauka. Hili moja, kusini mwa mji, lilipitisha maji kila siku, na kila alfajiri na kila jioni maji yaliongezeka. Yalikuwa na povu la sabuni, punje za wali, na harufu isiyohitaji maabara. Mwisho wa kanivo hilo kuna dembo, yaani bonde lenye majimaji, na ndani ya dembo kuna bustani za akina mama wanaolisha masoko ya mji kwa lenga-lenga (mchicha), matembele, ngai-ngai na kabichi.

Niliombwa na majirani niandike yaliyosemwa katika mikutano ya kisa hiki, ndiyo maana nakijua. Majina nayaacha. Watu wenyewe bado wanaishi jirani, na hoja iliyopo hapa ni kubwa kuliko wao.

Mteremko ulio juu ya dembo ulikuwa zamani na nyumba chache, kila moja na choo chake cha shimo. Mwenye lupango (kiwanja) mmoja akabomoa nyumba yake ya familia, akajenga ghorofa tatu za kupangisha, chini akaweka mkahawa. Fosi septiki, yaani tangi la chini la maji ya choo, haikupanuliwa. Iliyochimbwa kwa ajili ya familia moja ikaanza kupokea vyoo vya wapangaji wote, maji ya kuogea, maji ya kufulia na mafuta ya jikoni la mkahawa. Shimo la kunyonya maji lililo nyuma yake likaziba katika masika ya kwanza, maji yakaanza kupanda uani. Kuita gari la kunyonya ni gharama. Fundi akaitwa, akalaza bomba la plastiki kutoka fosi hadi kwenye kanivo la barabara, akalifukia. Kazi ya siku moja.

Wakati wa mvua hakuna aliyejua, kwa sababu maji ya mvua ni mengi na yanafunika kila kitu. Ukame ndio uliofichua. Na ukame ndio wakati ambapo dembo lina thamani yake yote: mashamba ya juu yamekauka, lakini bondeni ukichimba kwa jembe hatua chache tu unapata maji. Kila mama ana kisima chake kidogo kati ya matuta, hakina ukingo wala mfuniko. Anachovya arozwari mbili, moja kila mkono, anapita kati ya matuta akinyunyiza asubuhi na jioni. Ukitazama vile visima mwezi ule uliona utando wa kijivu juu ya maji, na ukiusogeza kwa mkono unarudi kujifunga.

Jambo lililochelewesha malalamiko ni kwamba mboga hazikufa. Zilinenepa. Maji ya choo yana naitrojeni na fosforasi, na lenga-lenga hupenda vyote viwili. Ilitoka na majani mapana ya kijani kizito, ikawa tayari kabla ya muda wake. Ni kabichi zilizoanza kuoza shingoni, halafu mikono na miguu ya akina mama ikaanza kuwasha, halafu watoto waliokuwa wakisaidia kumwagilia wakapata kuhara. Wauzaji wa sokoni, ambao huku hununua tuta zima likiwa bado shambani, walikuja, wakanusa, wakaondoka. Hapo ndipo hasara ilipopata sura ya fedha.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi walisema katika mkutano kwamba mbolea ni mbolea. Samadi iliyooza vizuri na maji mabichi ya choo ni vitu viwili tofauti. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 1989 liliweka kikomo kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100, na mayai ya minyoo yasizidi moja katika lita. Maji yanayotoka chooni bila kusafishwa yana bakteria hao kwa mamilioni katika mililita hizohizo 100. Fosi septiki nzuri yenye vyumba viwili hutuliza tope na kuzuia mafuta, lakini maji yanayotoka upande wa pili bado yamejaa vijidudu; ndiyo maana lazima yaingie ardhini yachujwe, yasipelekwe kwenye mfereji ulio wazi. Mayai ya minyoo ya askarisi hukaa hai udongoni kwa miezi, hata miaka. Na Katanga hatuhitaji kukumbushwa kipindupindu, kinachorudi mara kwa mara na kupita kwa njia hiihii: kinyesi, maji, mkono, mdomo.

Basi nani alaumiwe? Wa kwanza kunyoshewa kidole alikuwa mama mwenye matuta.

Mtumishi wa usafi alifika, akaona mboga zikimwagiliwa kwa maji machafu, akaagiza zing'olewe. Hakupanda mteremko kuona maji yanatoka wapi. Kisheria alikuwa na hoja, maana chakula kinachohatarisha watu hakipaswi kwenda sokoni, na sitaki kulificha hilo. Lakini angalia mpangilio wa kazi yake: uchafu unaonekana kwenye tuta, basi mwenye tuta ndiye mkosaji. Kwa hesabu hiyo anayepokea uchafu anaadhibiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa bomba na mara ya pili kwa amri, na aliyeutuma anaendelea kupokea kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi. Naona huo ndio ugonjwa wa mambo haya yote ya maji machafu mjini kwetu. Lawama inateremka mlima pamoja na maji, na inasimama pale wanaposimama watu wasio na sauti.

Mama mmoja wa makamo alijibu kwa sauti ya chini kabisa, na jibu lake ndilo lililogeuza mkutano: "Papa, miye sina choo kule juu. Hii mayi inatoka kwenu. Munifungie mayi kwanza, kisha mungoe mboga."

Mwenye ghorofa alikana. Akasema maji ni ya jirani, ni ya mkahawa mwingine, ni chemchemi. Ndipo mpangaji wake mmoja, kijana, akakubali kumimina rangi ya buluu ya kufulia chooni mbele ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Watu wakasimama kandokando ya kanivo. Haikuchukua muda, maji yakatoka ya buluu kwenye mdomo wa bomba lililokuwa limefichwa chini ya bamba la saruji. Ushahidi wa bei ya sabuni. Nashauri kila kartie yenye mgogoro kama huu ianze na jambo hili kabla ya kuandika barua yoyote, maana barua isiyo na ushahidi hujibiwa kwa barua.

Baada ya hapo mwenye ghorofa alibadilisha utetezi, na utetezi wake wa pili ulikuwa na uzito. "Mama, muji haikuniwekea kanali ya mayi chafu. Nitayipeleka wapi?" Ni kweli. Barabara yake haina bomba la maji machafu la kuunganishia. REGIDESO, shirika la serikali la maji, inaleta maji safi. Maji hayo yakishatumika, hakuna anayekuja kuyachukua. Ofisi ya barabara na mifereji, OVD, kazi yake ni maji ya mvua. Kila lita inayoingia nyumbani ina mwenyewe, na kila lita inayotoka ni yatima.

Hali hii ina historia. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na Wabelgiji waliupanga kwa pande mbili: mji wa Wazungu huku, Cité Albert, yaani Kamalondo ya leo, kule, na ukanda mtupu katikati kwa hoja ya afya. Huduma za maji na usafi ziligawanywa kwa mstari huohuo. Mji umekua mara nyingi zaidi ya ule uliopangwa, na sehemu kubwa ya ukuaji huo imetokea mahali ambapo hakuna aliyechimba kitu isipokuwa mwenye nyumba mwenyewe. Kwa hiyo serikali ina deni hapa, na ni deni la zamani.

Lakini deni la serikali halifuti deni la mwenye ghorofa. Katika mkutano watu walizitupa hoja hizi mbili mezani kana kwamba lazima moja iiue nyenzake, na nafikiri hapo ndipo walipopotea. Bomba la mji halipo: sawa. Lilikuwa halipo pia siku alipochora ghorofa tatu. Alijua vyoo vitakuwa vingapi. Alikuwa na njia: fosi kubwa yenye vyumba viwili au vitatu, uwanja wa kunyonya maji nyuma ya nyumba badala ya maegesho, kichujio cha mafuta kwa mkahawa, gari la kunyonya kila tope linapojaa. Kila moja kati ya hizo ina bei, na bei hiyo ilipaswa kuingia katika kodi ya wapangaji. Alichofanya ni kuihamisha bei hiyo kutoka kwenye daftari lake na kuipeleka bondeni, ikalipwa kwa kabichi zilizooza na watoto wanaohara.

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kinamtaka pia ayatetee. Kinaitaka Serikali ilinde mazingira na afya ya raia. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi au uharibifu unaotokana na shughuli ya kiuchumi unazaa fidia au matengenezo. Kupangisha ghorofa na kuendesha mkahawa ni shughuli ya kiuchumi. Sidhani kama kuna wakili atakayebisha. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira imeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Na kabla ya sheria hizo mpya kulikuwa na kifungu cha 258 cha Kodi ya Kiraia (mkusanyo wa sheria za kiraia, siyo ushuru), kitabu cha tatu, cha tangu 1888, ambacho kila mwanafunzi wa sheria wa Kongo anakijua: tendo lolote la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimu aliyekosea ailipe.

Kuna hoja moja iliyotolewa na mzee mmoja ambayo naiona ya maana sana. Mwenye ghorofa alisema maji hushuka, ni asili, anayelima bondeni akubali kupokea. Ni kweli kwamba shamba la chini linapaswa kupokea maji ya shamba la juu. Kanuni hiyo imeandikwa katika kifungu cha 640 cha Kodi ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804, na sheria za Wabelgiji, ambazo zetu zimetokana nazo, zimekulia humohumo. Lakini kanuni inasema maji yanayoteremka yenyewe, bila mkono wa mtu kuchangia. Bomba la plastiki lililofukiwa chini ya bamba la saruji ni mkono wa mtu. Mvua ni ya Mungu. Kilichopita kwenye lile bomba kina mwenyewe.

Wapangaji je? Kuna waliosema kila anayevuta maji chooni ni mchafuzi. Sikubaliani. Mpangaji analipa kodi akiamini choo kinakwenda mahali. Hana ufunguo wa fosi wala ramani yake. Fundi aliyelaza bomba ana lawama yake, maana fundi anajua kanivo la mvua ni nini, ila ni lawama ya mtu aliyelipwa siku moja. Kipimo ninachokitumia ni hiki: nani alikuwa na uwezo wa kuyazuia yale maji, na nani alifaidika kwa kutoyazuia? Ukiuliza hivyo, mwenye ghorofa anabaki mbele, na nyuma yake anasimama mtu ambaye hakuwepo mkutanoni kabisa: ofisi iliyotia muhuri ruhusa ya kujenga.

Kwa maana ruhusa ilikuwepo. Tuliiona, ina stempu na risiti. Mtu alipokea malipo, akakubali ghorofa tatu juu ya fosi ya familia moja, kwenye mteremko unaoishia kwenye bustani za chakula. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja usafi na mifereji miongoni mwa kazi za mji na komine (manispaa). Ofisi inayochukua ada ya ujenzi bila kuuliza maji machafu yatakwenda wapi imeuza kitu kisicho chake, yaani afya ya watu wa bondeni. Mkutano mzima ulizungumza juu ya mwenye ghorofa kwa sababu alikuwa amekaa pale, uso kwa uso. Stempu haina uso.

Naongeza jambo kuhusu migodi, kwa sababu lilizuka na lina ukweli wake. Lubumbashi tumezoea, mto ukibadilika rangi, kutazama migodi na viwanda kwanza. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na utafiti uliochapishwa 2009 na wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Nani atawalaumu wakazi kwa kushuku? Ila mgodi una geti, jina na ofisi ya kuandamana mbele yake. Maji ya choo yanatoka kwetu sote, na kwa hiyo hakuna anayeandamana. Mto unaopokea vyote viwili haubagui. Kijito cha dembo letu humwagika mto Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na Luapula huenda ziwa Mweru, ambako watu wengine wanachota.

Na nyumba ndogo za mteremko, zenye vyoo vya shimo, nazo zinachangia. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Karibu na dembo, wakati wa masika, maji ya ardhini hupanda hadi ndani ya mashimo. Wenye vyoo hivyo ni maskini kama wakulima wenyewe. Kuwatoza faini ni kupoteza muda. Hapo ndipo fedha ya umma inapotakiwa kuja kwanza, kwa vyoo vilivyoinuliwa na kwa huduma ya kunyonya tope ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipa.

Linabaki swali gumu kuliko yote, nalo ni la akina mama wenyewe. Baadhi yao, baada ya kujua, waliendelea kuuza. Mmoja alisema ada ya shule ya watoto haisubiri mkutano. Mlaji wa Kenya au Katuba, komine za mji wetu, aliyenunua fungu lile hakujua chochote. Siwezi kusema hakuna kosa hapo. Nasema kosa hilo lina kipimo chake: aliyezuiwa kuuza bila kupewa kitu cha kula ameamriwa afe njaa kwa ajili ya uchafu wa mwingine. Amri ya kusimamisha mauzo ingekuja pamoja na fidia ya tuta, siku hiyohiyo, ningeisimamia kwa nguvu zote. Ikija peke yake, itavunjwa usiku, na mboga zitauzwa soko la mbali zaidi ambako hakuna anayejua zimetoka wapi. Afya ya mlaji inalindwa vizuri zaidi mkulima akilipwa kuliko akitishwa.

Makubaliano yaliandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie. Bomba likatwe na kuzibwa kwa saruji. Fosi inyonywe, chumba cha pili kijengwe, mkahawa uwekewe kichujio cha mafuta. Mwenye ghorofa alipe matuta yaliyopotea kwa bei ya msimu wa ukame, ambayo ndiyo ya juu, siyo ya masika aliyotaka yeye. Akina mama wasiuze kabichi wala kitu chochote kinacholiwa kibichi kutoka matuta ya juu kwa msimu huo. Pale wapande viazi vitamu na mahindi. Visima vilivyoguswa vifukiwe, vipya vichimbwe upande wa pili wa kijito. Mboga za kupika ziache kumwagiliwa siku kadhaa kabla ya kuvunwa, zimwagiliwe chini kwenye shina na siyo juu ya majani. Hizo ni miongoni mwa hatua ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza katika mwongozo wake mpya wa 2006, na hazigharimu kitu.

Bomba limezibwa, nimeliona kwa macho yangu. Fedha ya matuta imelipwa nusu. Chumba cha pili cha fosi kimechimbwa, bado hakijafunikwa, na wapangaji wanalalamikia harufu, ambayo angalau sasa inanukia pale inapotoka.

Barua ya kwanza kwa ofisi iliyotoa ruhusa haijapata jibu. Ndiyo sababu barua ya pili imeandikwa, ya akina mama na wakazi pamoja, kwa burgumestre, mkuu wa komine, nakala kwa mere (meya) wa mji na kwa idara ya mazingira ya mkoa. Inadai mambo mawili. Ruhusa yoyote ya ghorofa kwenye mteremko ule isitolewe bila mchoro wa fosi na kipimo cha udongo, na mchoro huo ubandikwe mahali ambapo watu wa bondeni wanaweza kuuona kabla ya muhuri kugongwa. Na kanivo lote likaguliwe kwa mguu kabla mvua ya Novemba haijaanza, maana vijana waliolifuata kutoka juu hadi chini wamekuta midomo mingine ya mabomba chini ya mabamba, na mmoja wao ulikuwa bado unatiririka.